Mbwa Anayeanguka na Kuamka

Mbwa aliyelala barazani anakakamaa ghafla. Shingo inajikunja nyuma, miguu inatupwa huku na huku, taya zinagongana, povu linatoka, na mkojo unamtoka bila habari. Katika mitaa mingi ya Afrika Mashariki, kinachofuata si simu kwa daktari wa mifugo. Ni sauti ya jirani ikisema, "Kichaa hicho!" Kisha magongo. Wapo mbwa waliouawa kwa ugonjwa ambao hawakuwa nao, na si rahisi kuwalaumu waliowaua. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza hakuna tiba. Anayeishi na hofu hiyo hasubiri uchunguzi.

Hata hivyo, kuna jambo moja linalotenganisha kichaa na kifafa, na halihitaji maabara: kichaa hakirudi nyuma. Mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia, sauti humkauka, taya hulegea, mate humtiririka, kumeza humshinda, na kwa kawaida hufa ndani ya siku kumi tangu dalili zianze. Degedege likimpata, humkuta tayari ni mgonjwa. Mwenye kifafa huanguka akiwa mzima na, baada ya saa kadhaa au siku moja mbili, huwa mzima tena: anakula, anabweka getini, anamlaki bwana wake. Ndiyo maana daktari mzuri huuliza zaidi habari za siku ambazo mbwa hakuanguka. Tahadhari haiondoki kwa hilo. Mbwa asiyechanjwa asishikwe ovyo. Afungiwe na aangaliwe. Aliyeng'atwa naye aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha awahi chanjo hospitalini. Na anayempiga mbwa kichwani aelewe kuwa anaharibu ushahidi, maana kichaa hupimwa kwenye ubongo.

Kifafa chenyewe ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Mwaka 1870, mjini Berlin, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig walipitisha umeme hafifu juu ya ubongo wa mbwa wakaona kuwa kila sehemu ina kiungo chake: gusa hapa, mguu wa upande wa pili unachezacheza. Baadhi ya mbwa hao walipatwa na degedege baada ya majaribio. (Elimu ya kifafa cha binadamu, kwa hiyo, ina deni kubwa kwa mbwa ambao hakuna aliyewaomba ridhaa.) Ubongo una seli zinazochochea na seli zinazotuliza, na uzima ni mizani baina yao. Mizani ikivunjika, seli nyingi hufyatua umeme kwa pamoja, kama soko ambalo kila mchuuzi ameanza kupiga kelele kwa wakati mmoja. Hakuna ujumbe unaopita, ila misuli hutii kelele hiyo.

Si kila degedege ni kifafa. Viuatilifu vya shambani, dawa ya kuogeshea ng'ombe na sumu ya konokono vyote vinaweza kumtupa mbwa chini. Mtoto wa mbwa mwenye minyoo na njaa huanguka kwa kushuka sukari. Jike anayenyonyesha watoto wengi, kwa kushuka kalisi. Ini bovu nalo huacha sumu zipande kichwani. Kisha kuna distempa, ugonjwa wa virusi ambao Watanzania wana sababu ya kuukumbuka. Mwaka 1994 watalii Serengeti walishuhudia simba wakitetemeka na kuanguka. Takriban theluthi moja ya simba wa hifadhi hiyo, kama 1,000 hivi, walikufa, na virusi vilihusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani. Chanjo ya distempa ipo. Wengi humchanja mbwa dhidi ya kichaa pekee na kudhani wamemaliza.

Daktari akishaondoa hayo yote, na ikiwa degedege la kwanza lilikuja kati ya umri wa miezi 6 na miaka 6, hubaki kifafa cha asili, ambacho mara nyingi kina mkono wa kurithi. German Shepherd, Labrador na Beagle wamo katika orodha ya walio hatarini zaidi. Kwa Rhodesian Ridgeback, mbwa aliyezalishwa kusini mwa Afrika, watafiti walitangaza mwaka 2017 hitilafu ya jeni iitwayo DIRAS1 inayoleta kifafa cha kushtukashtuka, hasa mbwa anapopumzika. Anayenunua mtoto wa mbwa wa ukoo kwa bei ya ng'ombe ana haki ya kuuliza kama wazazi wake huanguka. Mwenye kifafa asizalishwe, hata akiwa mzuri kiasi gani.

Degedege likianza, kitu cha kwanza ni saa. Hofu hurefusha muda, na aliyeshuhudia dakika moja na nusu huapa kuwa zilikuwa kumi. Washa kamera ya simu: video hiyo itamfaa daktari kuliko maelezo yoyote, kwa sababu mbwa hufika kliniki akiwa ametulia kabisa. Sogeza viti, mvute mbali na ngazi au karo la maji, zima redio. Usimtie kijiko wala mkono mdomoni. Mbwa hamezi ulimi wake, ila vidole vyako atavisaga bila kujua. Mara nyingi mambo huisha ndani ya dakika mbili. Likipita dakika tano, au yakija mawili ndani ya saa 24, hiyo ni dharura. Misuli inayokazana hivyo hupandisha joto la mwili hadi kuumiza ubongo na figo, na katika joto la Dar es Salaam au Mombasa hali hiyo hufika mapema. Mloweshe maji ya kawaida na uwashe feni mkiwa njiani. Kidonge hakisaidii kwa wakati huo, kwani hawezi kumeza. Kuna diazepamu ya kupitishwa njia ya haja kubwa na midazolamu ya kupulizwa puani, na inafaa kumwomba daktari mapema akufundishe.

Akizinduka si yule unayemjua. Huenda asione kwa muda, akagonga kuta, akazunguka meza, akalia njaa ya ajabu, hata akamng'ata anayempenda. Mwache mahali penye giza na utulivu, watoto wakae mbali, chakula kisubiri mpaka ajitambue.

Dawa inayotegemewa zaidi ni ya zamani: fenobabitoni, ambayo uwezo wake wa kuzuia kifafa uligunduliwa na Alfred Hauptmann nchini Ujerumani mwaka 1912. Ndiyo hiyohiyo wanayopewa watu katika vituo vyetu vya afya, ila kipimo si kimoja. Ini la mbwa huivunja haraka kuliko la binadamu, na kadiri anavyoendelea kuitumia ndivyo linavyozidi kuwa hodari wa kuivunja. Kwa hiyo mtu huweza kumeza mara moja kwa siku, lakini mbwa hupewa kila baada ya saa 12, na damu yake hupimwa mara kwa mara kuona kiwango cha dawa na hali ya ini. Majuma ya mwanzo atayumba kidogo, atakunywa maji kama aliyetoka jangwani na kuiba ugali jikoni. Kuyumba hupungua. Wizi wa ugali aghalabu hubaki.

Fenobabitoni isipotosha, huongezwa bromidi ya potasiamu, chumvi iliyotumika kwa kifafa tangu Charles Locock alipoizungumzia London mwaka 1857. Huchukua kama miezi mitatu kufikia kiwango chake katika damu, basi anayesema baada ya wiki mbili kwamba haifanyi kazi bado hajaijaribu. Tena inashindana na chumvi ya mezani. Figo hazipambanui vizuri bromidi na kloridi. Mbwa akila chumvi nyingi, zote mbili hutolewa haraka na kinga hushuka. Katika nyumba ya pwani ambako mabaki ya papa au ng'onda ndiyo chakula cha mbwa, mlo wa Jumapili unaweza kuleta anguko la Jumanne. Si lazima ale chakula cha kopo. Ale kile kile kila siku, chenye chumvi ile ile.

Madaktari wa mifugo huita matibabu mafanikio yakipunguza degedege kwa nusu, na robo hivi ya mbwa hawatulii hata kwa dawa mbili. Ni heri kuambiwa hivyo mwanzoni. Kipo kipimo kingine, cha daftari: tarehe, saa, dakika, siku ngapi alizochukua kurudi hali yake. Makundi ya degedege yakikaribiana na siku za uzima zikawa chache kuliko za kupepesuka, kumlaza kwa sindano si usaliti, na mwenye daftari hafikii uamuzi huo kwa kubahatisha.

Kabla ya hapo kuna miaka, mara nyingi mizuri, na miaka hiyo hutegemea watu ambao daktari hawaoni. Anayempa mbwa kidonge saa moja asubuhi si lazima awe mwenye mbwa; ni dada wa kazi, au mlinzi anayemaliza zamu. Wafundishwe, na waambiwe sababu. Wengi wamekua wakisikia kuwa povu la kifafa huambukiza, imani ambayo Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norwe, aliikuta Mahenge, Tanzania, alipoanza kuwatibu wenye kifafa huko miaka ya 1960, na iliyowafanya watu waogope kumgusa aliyeangukia motoni. Asiyeambiwa ukweli atakitupa kidonge chini na kukimbia. Kukatisha fenobabitoni ghafla kwaweza kuleta degedege baya kuliko lile lililotibiwa, na kwa kuwa ni dawa inayodhibitiwa, duka haliuzi bila cheti. Mkisafiri kwenda kijijini mwisho wa mwaka, cheti kitafutwe kabla ya kuanza karatasi ya mwisho ya vidonge, na saa ya dawa ibaki ileile hata basi likichelewa.