Raha ya familia haisubiri nauli ya kwenda Dar

Mwisho wa wiki ukikaribia, watoto wengi wa Bagamoyo huwa na swali moja: "Tunatoka lini?" Kutoka, kwa maana yao, ni kwenda Dar es Salaam. Ni mwendo wa kilomita 60 na ushee tu, lakini mzazi mwenye watoto watatu anaijua hesabu yake: nauli ya kwenda na kurudi, tiketi za sinema, chipsi, aiskrimu, na bajaji ya kufikia nyumbani kwa sababu mdogo ameshalala begani. Fedha ya matumizi ya siku kadhaa inakwisha kwa alasiri moja.

Watoto hufurahi, hilo halina ubishi. Shida ni kwamba safari ya namna hiyo inawezekana mara mbili au tatu kwa mwaka, na kati ya safari moja na nyingine zipo Jumamosi nyingi ambazo kila mtu ndani ya nyumba ameinamia simu yake. Baba yuko kijiweni. Mama yuko jikoni. Mtoto mkubwa yuko chumbani na filamu yake masikioni. Wote wapo nyumbani, na hakuna aliyekaa na mwenzake.

Ajabu ni kwamba hili linatokea katika mji ambao watu wa nje hulipa fedha nyingi kuja kupumzika. Mgeni akishuka Bagamoyo hukimbilia ufukweni, soko la samaki, Mji Mkongwe na magofu ya Kaole. Mwenyeji anaweza kumaliza mwezi mzima bila kwenda na wanawe pwani, ingawa ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Alasiri maji yakiwa yamekupwa, mchanga huwa mpana na mgumu kiasi cha kuchezea mpira. Sokoni, wakaanga samaki huwa na makarai yao juu ya moto. Vibua vichache, mihogo ya kukaanga na chachandu kidogo vinatosha kuifanya familia ikae chini na kula kwa mkono mmoja huku ikitazama mashua. Hapo sharti ni moja: mtu mzima awe na macho. Maji yanayojaa hayamngojei mtoto amalize mchezo, na mzazi anayepiga picha au kujibu ujumbe kwenye simu hayupo kweli hata kama amekaa palepale.

Lakini sehemu ambayo familia nyingi zinapoteza raha bila kujua ni jikoni. Chakula kimegeuzwa kazi ya mtu mmoja, kwa kawaida mama au dada wa kazi, na wengine wanaitwa kikiwa tayari. Mtoto wa darasa la tatu wa Pwani anaweza kuwa anakula wali wa nazi kila wiki bila kuwahi kukalia mbuzi akakuna nazi mwenyewe.

Vitumbua ni mfano mzuri, kwa sababu haviwezi kuharakishwa. Mchele unalowekwa usiku wa kuamkia siku yenyewe. Asubuhi unasagwa pamoja na tui, unatiwa hamira, sukari na iliki, kisha unaachwa uumuke. Hapo katikati kuna muda wa kukaa tu na kuzungumza, na mtoto atafunua bakuli mara tano kuangalia kama mchanganyiko umepanda. Halafu chuma kinawekwa jikoni, mafuta matone mawili kila shimo, na kazi ya kupindua kwa kijiti inagombewa. Vya kwanza huungua au kushika chini. Viliwe hivyohivyo. Mtoto aliyepindua kitumbua kilichoungua atakitetea kuliko kile cha kununua kilichotoka duara kamili.

Kazi hiyo inamfaa pia mvulana. Wapo wanaume wengi wa Pwani wanaosimamia masufuria ya pilau kwenye shughuli na kusifiwa kwa hilo, kwa hiyo hoja kwamba jikoni si mahali pa mtoto wa kiume haina mashiko hapa.

Vikiiva, wachache wapelekwe kwa jirani kwenye sahani. Desturi ya kutorudisha sahani tupu bado ipo mitaa mingi ya Pwani, na hasa mwezi wa Ramadhani futari husafiri nyumba hadi nyumba. Mtoto anayetumwa na sahani hujifunza kubisha hodi, kusalimia wakubwa shikamoo, na kujua nani anaishi wapi. Baada ya miezi michache jirani si tena mtu wa nyumba yenye geti la bluu. Ni bibi fulani, na kumbe ana wajukuu wa rika lake.

Filamu ya wengi

Wazazi wengi huiona filamu kama adui wa familia. Historia ya nchi hii inasema vingine. Tangu enzi za ukoloni, magari ya sinema yalizunguka vijijini na watu wa rika zote walikaa chini pamoja kutazama. Rashidi Kawawa, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, aliwahi kuwa mwigizaji, na miongoni mwa filamu alizocheza miaka ya 1950 ni Muhogo Mchungu. Mwaka 1966 Dar es Salaam ilipata sinema ya Drive-In, na familia zilikwenda huko na vyakula vyao. Filamu za Kihindi zilijaza kumbi, na waliozitazama walizisimulia upya mitaani kwa wale waliokosa tiketi.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Hata baada ya hapo, seti moja ilitazamwa na nusu ya mtaa, wengine wakiwa wamesimama dirishani. Vikaja vibanda vya video, na pamoja navyo wasimulizi waliozitafsiri filamu za nje kwa Kiswahili huku wakitia chumvi na utani wao. Maarufu zaidi alikuwa Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu. Watu walikwenda kumsikia yeye kama walivyokwenda kuona picha zenyewe.

Kwa hiyo kilichobadilika ni idadi ya skrini. Filamu ileile inayotazamwa na watoto watatu kwenye simu tatu inaweza kuwekwa kwenye televisheni moja, au hata kompyuta mpakato juu ya meza ya barazani, mkeka ukatandikwa na mmoja akapewa kazi ya Lufufu. Kwa mdogo asiyejua Kiingereza wala Kikorea, kaka mtu anayetafsiri kwa kubuni nusu ya maneno ni burudani kuliko filamu yenyewe. Mzazi naye anapata asichokipata kwa kukagua simu: anajua watoto wake wanatazama nini, na wanacheka wapi.

Kualika watoto wa majirani ni jambo jema, lakini lisifanywe kwa mazoea ya zamani bila kufikiri. Zamani mtoto aliachwa atazame televisheni nyumba yoyote hadi usiku. Leo mzazi ana haki ya kuuliza ni kwa nani, nani mkubwa yupo, na saa ngapi wanarudi. Barazani, mahali pa wazi panapoonwa na kila mpita njia, ni salama kuliko chumbani. Jirani mwema hakasiriki kuulizwa.

Na mama je?

Mazungumzo ya raha ya familia mara nyingi humsahau mtu mmoja. Baba ana kijiwe, ana kahawa na kashata, ana bao. Watoto wana mpira. Mama anaandaa raha ya wote kisha anabaki na vyombo. Kikoba na mchezo wa fedha vinamkutanisha na wenzake, lakini hapo kuna marejesho na faini. Si mahali pa kukaa tu na kucheka. Jumamosi moja kwa mwezi baba akibaki na watoto na mama akaenda kwa shoga zake bila daftari la mahesabu, hakuna kitakachoharibika nyumbani zaidi ya kitumbua kuungua.

Jambo hili si la anasa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, wamekuwa wakifuatilia maisha ya watu walewale tangu mwaka 1938, na moja ya mambo waliyoyasisitiza ni kwamba uhusiano wa karibu na watu unaambatana na afya bora uzeeni. Novemba 2023 Shirika la Afya Duniani nalo liliunda tume ya kushughulikia upweke.

Kwa familia za Bagamoyo, kuna nafasi nyingine ambayo wazazi wa miji mingi hawana. Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), kimekuwa na tamasha lake tangu mwaka 1982. Ukumbi wake uliungua mwaka 2002 ukajengwa upya. Hapa ndipo aliishi na kufundisha Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, ambaye ukoo wake umeendelea na muziki huo. Mtoto akipelekwa mapema kwenye tamasha, wakati wasanii bado wanakaza ngozi za ngoma, hupata majibu ya maswali yake yote kabla onyesho halijaanza.

Siku zilizobaki za mwaka ni za mkeka na baraza. Umeme ukikatika katikati ya filamu, asiruhusiwe mtu kukimbilia simu. Aulizwe aliyeiona kabla ilimalizikaje. Na kama hakuna aliyeiona, kila mmoja aimalize anavyotaka, aanze mdogo.