Puti juu ya kutu ni hela ya bure

Vijana wenzangu, angalieni sakafu ya pikapu mnayobebea mbolea. CAN ikimwagika hunyonya unyevu, na chumvi yake inakula chuma haraka kuliko maji ya mvua matupu. Samadi ya kuku nayo ni hivyohivyo.

Fundi akitaka kupaka puti juu ya kutu, mkatalie. Puti hunyonya maji, kutu inaendelea chini kwa chini, baadaye rangi inavimba. Akwangue mpaka chuma king'ae, apige msasa namba 80, afute vumbi na mafuta, kisha praima ya epoksi. Ni ghali, ndiyo, lakini hapo usibane hela. Puti ifuate, nyembamba. Palipotoboka achomelee bati.

Na mkishusha mbolea, osheni bodi siku hiyohiyo, hasa kwenye kona na maungio.