Fahamu: Kwa nini mhusika wa tamthilia huua?

Kutoka Kerege hadi Bagamoyo mjini, mji wa chuo cha sanaa cha TaSUBa na wa tamthilia ya Siri ya Mtungi, mhusika akiua kwenye runinga mtazamaji hutaja upesi wivu, mirathi au kisasi. Mara nyingi ni zaidi ya hapo.

Chukua Walter White wa Breaking Bad, iliyorushwa Marekani kuanzia 2008 hadi 2013. Mwalimu huyu wa kemia anaugua saratani ya mapafu, anaanza kutengeneza dawa za kulevya ili aiachie familia fedha. Mateka wake, Krazy-8, karibu amwachie huru. Kisha anagundua kipande cha sahani iliyovunjika hakionekani, kumbe jamaa amekificha kama silaha. Anamnyonga huku akiomba radhi. Hapo ni hofu. Baadaye anaua kulinda biashara na hadhi yake, na mwishoni anakiri mbele ya mkewe kwamba yote aliyafanya kwa ajili yake mwenyewe. Kiburi, basi, si familia.

Mahakamani mambo ni tofauti. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, hutazama dhamira: je, alikusudia kuua au kudhuru vibaya? Aliyeua kwa ghadhabu ya ghafla baada ya kuchokozwa anaweza kuhesabiwa ameua bila kukusudia. Anayepanga usiku kucha hana utetezi huo, hata kama watazamaji wanamwonea huruma.

Kwa hiyo ukitazama, usiishie kwenye kisingizio anachotoa muuaji. Angalia anachoogopa kukipoteza.