Walikutana kusoma riwaya ya upelelezi, wakaishia kuijadili degedege

Ni saa nne asubuhi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Katika chumba cha nyuma cha maktaba ya umma kwenye mji mmoja wa pwani, watu kumi na mmoja wameketi kuzunguka meza mbili zilizounganishwa. Ubaoni yameandikwa majina kwa chaki, na mbele ya kila jina kuna alama ya kuuliza. Ukiingia ghafla utadhani ni kikao cha polisi jamii.

Hawa ni wasomaji wa riwaya za upelelezi. Hukutana mara moja kwa mwezi kujadili kitabu kimoja. Wapo wazazi, mwalimu mstaafu, kijana wa bodaboda na wasichana wawili wa sekondari waliokuja na mama yao.

Niliwafahamu kwa bahati mwaka jana. Nilikwenda maktaba kutafuta magazeti ya zamani kwa ajili ya habari ya kipindupindu, nikasikia mtu chumba cha pili akibisha kwamba aliyeonekana karibu na maiti si lazima awe ndiye muuaji. Magazeti sikuyarudia siku ile.

Mezani kulikuwa na Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Kitabu hiki kilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958, kikachapishwa mwaka 1960. Ndicho kilichotuletea Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko. Maiti inakutwa mahali pa mizimu, ambapo kuulaumu mzimu ni rahisi kuliko kumtafuta mtu. Bwana Msa hana haraka hiyo. Yeye huuliza nani alikuwa wapi, na nani ananyamaza wakati anajua. Muuaji simtaji, maana ndiyo kanuni ya kwanza ya kikundi.

Kanuni ya pili ni ya mwalimu mstaafu, anayeshika chaki. Ukimtaja mshukiwa, lazima useme umeona wapi. Ukisema tu kwamba fulani ana sura ya uuaji, wote wanakuuliza kwa pamoja: ukurasa wa ngapi?

Nakala zilikuwa mbili tu. Mkutubi aligawa zamu, kila mtu siku tano, na ambao zamu haikuwafikia walifika nusu saa mapema kusomewa kwa sauti. Wengine walisema kusomewa ni kutamu kuliko kusoma wenyewe.

Usiku wa homa

Mama niliyetaka kuwasimulia habari zake ameomba nisimtaje jina. Ana watoto wawili, na alijiunga na kikundi ili apate saa mbili za kukaa bila kuitwa na mtu.

Wakati wa masika, usiku, mwanawe wa miaka miwili alishikwa na homa. Mume alikuwa safarini. Ghafla mtoto akakakamaa, macho yakapanda juu, mikono ikaanza kutetemeka. Mama mkwe, aliyekuwa anaishi nao, aliitambua mara moja: degedege. Akawasha fusho na kumfukiza mjukuu. Baada ya dakika chache mtoto akatulia.

Mama alipoanza kufunga kanga ampeleke hospitali, mama mkwe akamzuia mlangoni. Hakuwa mkali, alikuwa analia. Alisema akifika kule atachomwa sindano, na mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Alimwona kwa macho yake mtoto wa jirani akifa hivyo.

Imani hiyo si ya bibi huyu peke yake. Watafiti wa afya wameikuta kwa miaka mingi katika vijiji vya pwani ya Tanzania: degedege ni kazi ya shetani anayekuja kama ndege wa usiku, hutibiwa kwa mafusho na dawa za asili kwanza, na sindano ni hatari. Kwa ripota wa afya ni rahisi kuandika kwamba huo ni ujinga, halafu ukaenda kunywa chai. Lakini bibi alikuwa na ushahidi wake. Aliona sindano, kisha akaona kifo.

Mama anasema maneno ya kikundi yalimjia pale pale mlangoni. Hakubishana. Alimuuliza mama mkwe kwa adabu, mtoto yule wa jirani aliugua siku ngapi kabla ya kupelekwa hospitali. Bibi akafikiri. Tatu, akasema, walikuwa wanamfukiza. Akamuuliza tena, alipofika alikuwa bado anaitika jina? Bibi akanyamaza.

Kisha bibi mwenyewe akamchukua mtoto, akambeba mgongoni. Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu kidoleni, kilionyesha malaria. Mtoto alilazwa, akachomwa sindano alizoandikiwa, na siku ya nne akarudi nyumbani akidai uji.

Washukiwa ubaoni

Mwezi uliofuata alikisimulia kisa hicho kikundini, na Bwana Msa akawekwa kando kidogo. Mwalimu aliandika washukiwa: ndege wa usiku, sindano, homa, kuchelewa. Kila mmoja akahojiwa.

Sindano ndiyo ilikuwa na hali mbaya, kwa sababu hukutwa karibu na maiti. Kijana wa bodaboda aliitetea. Alisema yeye huwabeba wagonjwa usiku, na wengi anaitwa wakiwa wamechelewa sana, hivyo yeyote atakayekuwa wa mwisho kuwagusa ndiye atakayelaumiwa, hata yeye.

Fusho nalo lilihojiwa. Hapo niliombwa kusema, nikasema ninachojua: mara nyingi degedege ya homa hukoma yenyewe ndani ya dakika chache, kwa fusho au bila fusho. Kwa hiyo fusho hupata sifa ya kazi ambayo haikuifanya, huku malaria ikiendelea mwilini.

Mzazi, likikutokea, mlaze mtoto ubavu mahali salama, mlegezee nguo, usimbane kumzuia asitetemeke. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na usimnyweshe chochote hadi azinduke vizuri. Tazama saa, kisha mwahishe kituo cha afya hata kama ametulia. Degedege inaweza kuwa ya homa tu, lakini pia inaweza kuwa malaria kali au ugonjwa wa uti wa mgongo, na kwa macho huwezi kutofautisha. Mtoto mdogo akipewa artesunate ya kuweka njia ya haja kubwa katika zahanati, hiyo ni ya kumsogeza hadi hospitali, haimalizi tiba.

Baadaye nilisoma kwamba Muhammed Said Abdulla, kabla ya kuwa mwandishi wa habari, alikuwa bwana afya Zanzibar baada ya kumaliza shule mwaka 1938. Nakiri nilifurahi kupita kiasi.

Si kila riwaya ya upelelezi inafaa kusomwa na watoto. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa wamejaa risasi na mambo ya chumbani, na kikundi kimewaachia watu wazima. Bwana Msa anafaa kwa wa sekondari, ingawa Kiunguja chake kiliwafanya wale wasichana wawili washike kamusi. Kama unataka kuanzisha kikundi, anza na mkutubi wa maktaba iliyo karibu nawe, umuulize kuhusu chumba na idadi ya nakala kabla hujawaalika watu.

Mama mkwe sasa naye huja. Macho yake hayaoni herufi ndogo, kwa hiyo anasomewa. Nilipowatembelea mara ya mwisho walikuwa wamefika Kisima cha Giningi, na yeye alikuwa amemtuhumu kila mtu isipokuwa Bwana Msa. Walipomuuliza ukurasa wa ngapi, alijibu kwamba ukurasa wautafute wao, wenye macho.