Uzito Usioonekana: Darubini za Angani na Ushahidi wa Maada ya Giza

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba tangu ijitawale, roketi ndogo aina ya Scout iliruka kutoka San Marco, jukwaa ambalo Waitalia walilisimika baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi iliyoipokea. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota na galaksi. Ni eksirei zilezile ambazo hospitalini hupiga picha ya mfupa uliovunjika, ila zinazotoka angani hazitufikii ardhini kwa kuwa angahewa huzifyonza njiani. Anayetaka kuzipima hana budi kupeleka chombo juu ya hewa. Uhuru ilifanya kazi kwa miaka miwili na ushei, ikarekodi vyanzo 339 vya eksirei. Miongoni mwa matokeo yake makubwa ni kwamba makundi ya galaksi hutoa eksirei kutoka eneo pana mno, hata pale ambapo darubini za kawaida zilionyesha pengo tupu kati ya galaksi moja na nyingine. Baadaye ilithibitika kwamba chanzo chake ni gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, na kwamba ukiiweka yote kwenye mizani, gesi hiyo ina uzito mara kadhaa kuliko nyota zote za kundi lake.

Ugunduzi huo ulileta swali zito. Chembe za gesi yenye joto kiasi hicho hukimbia kwa kasi kubwa, na zingepaswa kutawanyika zamani za kale. Lakini bado zimo ndani ya makundi yao, zimeshikiliwa. Wanasayansi walipojumlisha nguvu ya uvutano ya nyota zote na ya gesi yenyewe, jumla ilipungua mno kuweza kuishikilia. Kuna uzito mwingine usiotoa mwanga, usiozuia mwanga, unaojulikana kwa mvuto wake peke yake. Huo ndio unaoitwa maada ya giza. Wako wanaoamini kwamba jina hilo ni kiraka cha kuficha ujinga wa wataalamu. Ushahidi unaonyesha vinginevyo: maada ya giza ni hitimisho la vipimo tofauti, vilivyochukuliwa kwa vyombo tofauti na kwa njia zisizotegemeana, ambavyo vyote vimeishia kwenye jibu moja.

Kipimo cha zamani zaidi ni cha mwendo. Katika mfumo wa Jua letu, sayari iliyo karibu hukimbia na iliyo mbali hujikokota: Utaridi huzunguka kwa kasi ya kilomita 47 hivi kwa sekunde, Dunia 30, na Neptuni, iliyo mbali kuliko zote, kama 5 tu. Ndivyo inavyokuwa pale ambapo karibu uzito wote umekaa katikati. Galaksi nazo zina nyota zilizosongamana katikati, kwa hiyo nyota za pembezoni zilitarajiwa kwenda polepole. Mwaka 1970 Vera Rubin na mwenzake Kent Ford walichapisha vipimo vya galaksi ya Andromeda vilivyoonyesha kwamba kasi ya pembezoni haishuki hivyo, na galaksi nyingine nyingi zilizopimwa baadaye zilitoa picha hiyohiyo. Kabla yao, mwaka 1933, Fritz Zwicky alikuwa ameona kwamba galaksi za kundi la Coma zinakwenda mbio kupita kiasi ambacho uzito wao unaoonekana ungeweza kuzizuia zisitoroke. Basi nyota ndani ya galaksi, galaksi ndani ya kundi, na gesi ya moto kati yake, zote zinadai uzito zaidi.

Hapo ndipo pingamizi lenye nguvu linapoingia. Je, kama hakuna uzito uliofichika, bali kanuni yetu ya uvutano ndiyo yenye kasoro? Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua, na historia ya unajimu ina mifano ya pande zote mbili. Katika karne ya 19, sayari ya Uranusi ilionekana kuyumba katika njia yake. Mfaransa Urbain Le Verrier akapiga hesabu, akasema kuna sayari nyingine isiyojulikana inayoivuta, na mwaka 1846 Neptuni ikapatikana karibu kabisa na alipoelekeza. Mtaalamu huyohuyo alipoona Utaridi nayo ina kasoro katika mwendo wake, alitabiri tena sayari iliyojificha, ambayo ikaitwa Vulcan. Ilitafutwa kwa miongo kadhaa bila kupatikana, kwa sababu haikuwepo. Mwaka 1915 Albert Einstein alionyesha kwamba kilichohitaji kurekebishwa ni kanuni ya uvutano yenyewe. Kwa hiyo Mordehai Milgrom alipopendekeza mwaka 1983 kwamba uvutano hubadilika pale unapokuwa dhaifu sana, hakuwa akibisha kwa ubishi tu. Pendekezo lake linaeleza mwendo wa nyota katika galaksi nyingi kwa usahihi wa kustaajabisha.

Kulikuwa na haja ya kipimo kitakachotenganisha mawazo haya mawili, na darubini za angani ndizo zilizokiwezesha. Einstein alitufundisha kwamba uzito hupinda njia ya mwanga. Galaksi zilizo nyuma ya kundi zito huonekana zimevutwa na kupindwa, kama vigae vya sakafu vinavyotazamwa kupitia kitako cha glasi. Kwa kupima kiasi cha kupinda, mtu anaweza kuchora ramani ya uzito bila kujali kama uzito huo unang'aa au la. Mwaka 2006 watafiti walitumia njia hiyo kwenye makundi mawili ya galaksi yaliyogongana na kupitana, umbali wa karibu miaka ya nuru bilioni 4 kutoka hapa. Yanajulikana kama Kundi la Risasi, kwa umbo la gesi ya mojawapo. Chandra, darubini ya eksirei iliyorushwa mwaka 1999, ilionyesha gesi ikiwa imekwama katikati, kwa maana gesi ikigongana na gesi hukwamana. Galaksi zilipishana salama, kwani nafasi kati yake ni kubwa. Kwa kuwa gesi ndiyo yenye sehemu kubwa ya maada ya kawaida, uzito ungetarajiwa kuwa katikati pamoja nayo. Ramani iliyochorwa kwa msaada wa darubini ya angani ya Hubble na darubini za ardhini ilionyesha uzito mkubwa uko pembeni, ziliko galaksi. Sehemu kubwa ya uzito ilikuwa imepita katika mgongano ule bila kukwama.

Kanuni mpya ya uvutano inaweza kuongeza nguvu ya mvuto, lakini ni vigumu sana ieleze kwa nini kitovu cha mvuto kimehama kutoka kwenye maada inayoonekana. Hata baadhi ya watetezi wake, wanapoeleza Kundi la Risasi, hulazimika kuongeza maada nyingine isiyoonekana. Setilaiti ya Planck ya Shirika la Anga za Juu la Ulaya, iliyopima masalia ya mwanga wa mwanzo wa ulimwengu kati ya 2009 na 2013, ilifika kwenye jibu hilohilo kwa njia nyingine kabisa: maada ya kawaida ni asilimia 5 hivi ya ulimwengu, maada ya giza ni 27, na inayobaki ni nishati ya giza. Pingamizi moja bado lina haki yake. Hakuna maabara iliyonasa hata chembe moja ya maada ya giza, ijapokuwa mitambo yenye hisia kali imewekwa zaidi ya kilomita moja chini ya ardhi huko Marekani na Italia. Hilo linatufunga mdomo tunapoulizwa chembe hizo ni za aina gani. Halifuti uzito uliokwisha kupimwa, kwani kujua kwamba kitu kipo na kujua kimeumbwa kwa kitu gani ni maswali mawili.

Kazi ya sasa ni kuongeza idadi ya vipimo. Euclid, darubini ya Ulaya iliyorushwa Julai 2023, imewekwa kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani ili ipige picha za karibu theluthi moja ya anga. Mara nyingi kupinda kwa mwanga ni kudogo kiasi kwamba galaksi moja haiwezi kukuambia lolote, kwa sababu huenda ilizaliwa na umbo hilo. Mnazi mmoja ulioinama hauthibitishi upepo, lakini shamba zima likiinamia upande mmoja, mwelekeo wa upepo unajulikana. Ndiyo maana Euclid imekusudiwa kupima zaidi ya galaksi bilioni moja. Takwimu zake za mwanzo, zilizotolewa Machi 2025, zilikuwa na galaksi milioni 26, na ndani yake vikapatikana vitu 500 vinavyodhaniwa kuwa lenzi kali za uvutano, yaani uzito unaopinda mwanga wa galaksi za nyuma yake kiasi cha kuonekana wazi.

Kuna atakayeuliza faida ya mabilioni yanayotumika huko wakati zahanati zetu zinakosa dawa. Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa kudharau mahitaji ya mgonjwa. Lakini sehemu ghali ya kazi hii, yaani kujenga na kurusha chombo, imekwisha kulipwa na wengine, na takwimu za Hubble, Chandra, Planck na Euclid hutolewa bure kwa yeyote duniani mwenye kompyuta, intaneti na elimu ya hesabu. Ujuzi wa kupata ishara hafifu ndani ya takwimu nyingi ndio unaohitajika pia katika kufuatilia magonjwa na kusoma picha za hospitali. Mwaka 1970 bahari ya Malindi ilitoa njia ya kwenda angani, lakini takwimu za Uhuru zilisomwa ng'ambo. Leo mwanafunzi wa Nairobi, Dodoma au Kampala anaweza kufungua ramani zilezile anazofungua mtafiti wa Paris. Vyuo vyetu vikimfundisha kuzisoma, uzito uliofichika angani utakuwa pia swali letu la kujibu.