Barua Inayogoma Kutoka Keumbu

Mvua ya alasiri Keumbu haiji kimya. Ukanda huu wa milima juu ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za Kenya zenye ngurumo nyingi, na radi ikishapiga, stima hupotea. Ikirudi, ingia saiba yoyote kando ya barabara ya Kisii kwenda Keroka, huenda ukasikia: "Mwalimu, barua pepe imekataa kwenda." Mwenye saiba anazima modemu, anaiwasha. Mteja anabonyeza "Tuma" mara ya saba. Wote wawili wameyaruka maandishi yaliyojitokeza kwenye skrini, na jibu limo humo.

Programu kama Outlook au Thunderbird (jina lenye maana ya ndege wa ngurumo, ambaye Kisii angejisikia nyumbani) hupokea barua kwa njia moja na kutuma kwa nyingine. Ndiyo maana barua zinaweza kuingia siku nzima na isitoke hata moja. Utumaji hufuata kanuni za SMTP, alizoziandika Jon Postel mwaka 1982, na humo seva hujibu kila ombi kwa namba ya tarakimu tatu. Ikianza na 4, subiri, ujaribu baadaye. Ikianza na 5, bonyeza hadi kuche, jibu halibadiliki mpaka urekebishe kitu. Namba 535 ni nywila: katikati ya 2022 Google ilianza kuzikatalia programu za zamani nywila ya kawaida ya akaunti. Namba 550 mara nyingi ni anwani isiyokuwepo.

Namba 552 huwa ni uzito, na hapa wengi hudhani wanaonewa. Tuseme seva inaruhusu ujumbe wa MB 25. Mbona picha za MB 20 zimerudishwa? SMTP ilizaliwa kubeba herufi tu, basi picha lazima kwanza igeuzwe herufi, kila baiti tatu zikiandikwa kwa herufi nne. MB 20 zako zinafika mlangoni zikiwa karibu 27.

Lakini siku ya radi huenda usione namba yoyote. Programu inalalamikia cheti cha usalama tu, na hata kupokea kumekwama. Tazama pembe ya skrini: tarehe inasema ni Januari, miaka kadhaa iliyopita.

Ndani ya kompyuta mna kipande cha kwazi (jiwe la quartz) kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Gawa namba hiyo kwa mbili mara 15, unapata mpigo mmoja kamili kwa sekunde. Hivyo ndivyo mashine inavyohesabu muda. Stima ikikatika, kwazi hutetemeshwa na betri ya duara ya volti 3. Betri ikiisha, saa hurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Seva inapoonyesha cheti chake, kilichotolewa pengine mwezi jana, kompyuta inakiona hakijazaliwa. Inahisi tapeli, inakata mazungumzo kabla hata ya kutaja nywila. Simu iliyo mfukoni inatuma bila shida kwa kuwa saa yake huletwa na mtandao.

Kurekebisha tarehe kwa mkono kutaitoa barua jioni hii. Betri yenyewe, kwa kawaida CR2032, ni ile ile ya rimoti za magari mengi, na usipoibadilisha, saa itarudi nyuma tena radi ijayo.