Wingi wa Makala na Ubora wa Mtafiti wa Tiba: Kweli au Si Kweli?

Mtafiti wa tiba akitambulishwa redioni au kwenye kongamano, aghalabu tunaambiwa ameandika makala ngapi na wenzake wamezirejelea mara ngapi. Vyuo hupandisha watu vyeo kwa namba hizo, na wafadhili huzitazama kabla ya kutoa fedha. Kwa kuwa dawa tunazopewa hospitalini hutokana na tafiti hizohizo, yatupasa kujua namba hizi zinapima nini. Tuzipime kauli sita zinazosikika sana.

1. Mwenye makala nyingi ndiye mtafiti bora.
SI KWELI. Yoshitaka Fujii, daktari wa usingizi nchini Japani, alikuwa na makala zaidi ya 200. Mwaka 2000 madaktari wa Ujerumani waliandika kwamba takwimu zake zilikuwa nzuri kupita kiasi, lakini majarida yaliendelea kumchapisha kwa miaka mingi. Mwaka 2012 kamati ya chama cha madaktari wa usingizi wa Japani ilipitia makala zake 212, ikakuta 172 zina data za kubuni.

2. Makala inayorejelewa sana ni ya kuaminika.
SI KWELI. Mwaka 1998 jarida la Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Lancet iliifuta Februari 2010, na mwaka huohuo Wakefield akaondolewa kwenye daftari la madaktari Uingereza. Uchambuzi wa mwaka 2019 ulikuta maandiko 1,153 yaliyoirejelea, na zaidi ya asilimia 70 yaliitaja kwa kuipinga. Katika hesabu ya marejeo, anayekukosoa na anayekusifu wanakuongezea namba ileile.

3. Kipimo cha h kinatosha kulinganisha watafiti wawili.
SI KWELI. Kipimo hiki kilibuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 20. Kinasaidia kiasi kwa watu wa fani moja walioanza kazi wakati mmoja. Hata hivyo, h haishuki hata mtu akiacha utafiti, kwa hiyo mkongwe humzidi kijana mwenye kazi nzuri zaidi. Mtafiti wa saratani ana maelfu ya wenzake wa kumrejelea. Anayechunguza sumu ya nyoka ana wachache. Tena mtu huyohuyo huweza kuwa na h moja kwenye Google Scholar na nyingine kwenye Scopus, maana hazina hizo hazihesabu machapisho yaleyale.

4. Ikichapishwa na jarida kubwa, makala haina shaka.
SI KWELI. Ukubwa wa jarida hupimwa kwa wastani: marejeo ya mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia, yakigawanywa kwa idadi ya makala hizo. Wastani huo haukuambii lolote kuhusu makala moja uliyoishika mkononi. Mei 2020 Lancet ilitoa makala kuhusu hydroxychloroquine kwa wagonjwa wa korona, ikidai kuwa na data za wagonjwa 96,000 kutoka hospitali 671. Shirika la Afya Duniani likasitisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo. Data hizo zilikuwa za kampuni ya Surgisphere, ambayo haikuzitoa kwa wakaguzi huru. Makala ikafutwa tarehe 4 Juni.

5. Kazi isiyotajwa mapema haina thamani.
SI KWELI. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Afrika. Wachache waliijali makala hiyo. Machi 1961 alizungumzia uvimbe huo katika hospitali moja ya London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein. Mwaka 1964 Epstein na wenzake walitangaza kirusi walichokikuta katika seli za uvimbe huo, cha kwanza kujulikana kuchangia saratani kwa binadamu.

6. Utafiti mmoja wa hapa kwetu unaweza kutikisa tiba ya dunia.
KWELI. Kathryn Maitland wa Kilifi, pamoja na madaktari wa Kenya, Tanzania na Uganda, walichunguza watoto 3,141 waliofika hospitalini na homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Vitabu vilielekeza wapewe dripu nyingi kwa haraka. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba baada ya saa 48, takriban asilimia 10.5 ya waliopewa dripu hiyo walikuwa wamefariki, dhidi ya asilimia 7.3 ya wasiopewa. Desturi iliyoaminiwa kuokoa ilikuwa ikiua. Kazi hiyo imerejelewa sana, lakini uzito wake uko kwa watoto hao, na ungekuwa uleule hata kama hakuna aliyeirejelea.

Azimio la San Francisco la mwaka 2013 liliwataka wanaoajiri na kufadhili watafiti waache kuwapima kwa sifa ya jarida. Vyuo vyetu vilifuate kwa vitendo: kamati ya kupandisha vyeo isome makala tatu au nne bora za mwombaji kabla ya kuhesabu chochote. Nawe msomaji, ukitajiwa namba za mtafiti, uliza aligundua nini, data zake zimekaguliwa na nani, na kama wengine waliorudia kazi yake walipata matokeo yaleyale. Asiyejibiwa maswali hayo asikubali tiba kwa sababu ya namba peke yake.